Mjinga wa Bariera

Mnisamehe kwanza kwa mwandiko huu. Herufi zangu zinalala upande mmoja kama mahindi baada ya mvua, na kuna maneno niliyoyaandika kwa namna mbili kwa sababu sikujua ipi ni sawa. Niliishia darasa la sita. Kalamu inakwenda polepole mkononi mwangu, ukurasa mmoja unaweza kula asubuhi nzima. Nikingoja mpaka nijue kuandika vizuri, sitaandika kamwe, na nimechoka kungoja.

Nataka kueleza jambo lililonipata hapa Bagira wakati wa vita: jinsi watu wa mtaa wetu walivyokubaliana kwamba sina akili, na jinsi mimi mwenyewe nilivyokaribia kukubaliana nao.

Nyumbani tulikuwa watatu: mama, mimi, na dada yangu mdogo. Papa, baba yetu, alikuwa ameenda Shabunda kutafuta dhahabu kabla ya vita, na barabara zilipofungwa habari zake zikafungwa nazo. Mama alikuwa anatwanga mihogo mikavu na kuuza unga mjini. Dada yangu alikuwa na maneno mengi tangu mdogo. Mimi nilikuwa kinyume chake. Mtu akinisalimia, nilikuwa natafuta jibu kwanza, nalipima, na nilipokuwa tayari kulitoa, mtu yule alikuwa amekwisha pita. Shuleni sikuwa wa kwanza wala wa mwisho. Mwalimu alikuwa anasema, "Huyu anajua, lakini tutangoja mpaka Krismasi." Niliona ni utani tu. Sikujua kwamba siku moja utani wa namna hiyo ungekuwa kitambulisho changu.

Nilipomaliza darasa la sita, vita vilikuwa vimeshafika. Mama hakutaka niende shule ya sekondari kwa sababu njia ya kwenda huko ilikuwa njia ya kuchukuliwa. Vijana walikuwa wanashikwa barabarani na kupandishwa kwenye kamio, lori la jeshi, na wengi hatukuwaona tena. Basi nikakaa nyumbani. Nilitwanga mihogo, nilichota maji, na Jumamosi nilienda parokiani kwenye mkutano wa vijana, kwa kuwa mama alisema kanisani angalau kuna ukuta.

Mwongozaji wetu wa vijana alikuwa mwanafunzi wa chuo kikuu ambaye masomo yake yalikuwa yamesimama. Alikuwa na shati moja la kijani, na alikuwa mtu mwema. Jumamosi moja alitufundisha kwamba watu wote duniani wako wa aina nne. Aliweka mabenchi manne katika salle, ukumbi wa parokia. La kwanza lilikuwa la makoleriki, watu wa moto, wanaoamuru. La pili la masanguini, watu wa kucheka na kuzoeana. La tatu la melankoliki, wanaofikiri mbali na kuumia upesi. La nne la flegmatiki, watu watulivu.

Akaanza kuuliza maswali, na kwa kila jibu ulitakiwa uende kwenye benchi lako.

"Mtu anakukanyaga mguu kanisani. Unafanya nini? Unamkaripia, benchi ya kwanza. Unacheka naye, ya pili. Unanyamaza lakini unamukumbuka wiki nzima, ya tatu. Unavuta mguu tu, ya nne."

Vijana walikimbia huku na huku, wakisukumana. Dada yangu alikuwa ameketi benchi la pili kabla swali halijaisha. Mimi nilikuwa bado namfikiria yule mtu aliyenikanyaga. Ni nani? Ni mzee? Alifanya kwa makusudi? Nilikuwa nimesimama karibu na mlango, na benchi la nne lilikuwa karibu na mlango. Swali la pili likaja, na la tatu, na mimi bado niko palepale. Mwishoni mwongozaji akanionyesha kidole akasema, "Huyu hata hatuna haja ya kumuuliza." Nikaketi. Mpaka leo sijui kama benchi lile lilinifaa kwa tabia au kwa sababu lilikuwa karibu.

Kijana mmoja wa benchi la kwanza akauliza, "Na akili? Iko benchi gani?"

"Akili iko kwa wote," mwongozaji akajibu. "Ila kwa hawa wa nne ni mota ya dizeli. Asubuhi ya baridi inachelewa kuwaka."

Walicheka sana. Na mimi nilicheka, nikiwa nimechelewa kidogo, jambo lililowafanya wacheke tena.

Tangu siku hiyo kila Jumamosi tuliketi hivyo hivyo, kila mtu kwenye benchi lake. Hakuna aliyetuagiza. Na niliona jambo la ajabu: watu walianza kufanana na mabenchi yao. Msichana mmoja ambaye zamani alikuwa mpole aliwekwa la kwanza, na baada ya muda mfupi alikuwa anatuamuru tufagie. Kijana mwingine wa la tatu alianza kuketi akishika shavu. Sisi wa la nne tuliacha kabisa kuinua mkono. Kukiwa na swali, mwongozaji alitazama mabenchi matatu, na sisi tulipumzika. Sitaki kusema uongo, kupumzika kule kulikuwa kutamu.

Nyumbani dada yangu alimweleza mama mambo yote, akiniigiza nilivyosimama mlangoni. Mama alikuwa anachekecha unga. Alicheka, kisha akauliza, "Hiyo ya nne inaitwa namna gani?" Dada akamwambia. Mama akalirudia neno lile taratibu, kama mtu anayeonja mchuzi, akaendelea kuchekecha.

Bariera ilikuwa kwenye barabara ya kutoka Bagira kushuka mjini: mti mrefu uliolazwa juu ya mapipa mawili, na askari chini ya turubai. Kwa kawaida mama alipita peke yake na mzigo wake. Siku moja mgongo ulimuuma, na mzigo ulikuwa mkubwa, ikabidi tugawane. Tulipofika, wale waliokuwa mbele yetu walipita. Mimi nilisimamishwa.

"Wewe murefu, kuya huku," askari mmoja akaniambia. "Uko na miaka ngapi?"

Nilijua jibu. Lakini nilijua pia kwamba kuna jibu la kweli na kuna jibu la kuokoka, na nilikuwa natafuta lipi ni lipi.

"Nakuuliza. Hauna kinywa?"

Mama akatua mzigo wake chini. Alifanya kwa utulivu, kama mtu aliyefika sokoni.

"Shefu, samahani. Huyu mutoto iko flegmatiki."

"Iko nini?"

"Flegmatiki. Ni mambo ya kichwa. Walimupima kule parokia. Ukimutuma chumvi, analeta sabuni. Na hiyo ni siku ile anarudi."

Askari alinitazama machoni. Mimi niliangalia chini. Nadhani kinywa changu kilikuwa wazi.

"Inaambukiza?" akauliza.

"Hapana, shefu. Inachelewesha tu."

Akamgeukia mwenzake aliyekuwa anachoma mahindi. "Huyu ukimupa bunduki, ataifikiria mpaka adui anafika na kuondoka."

"Tutamulisha bure," mwenzake akasema.

"Pita, maman. Chukua muzigo yako na mutoto yako."

Tulipita. Hatukusemezana mpaka tulipofika mjini kati ya watu. Hapo mama akasema bila kunitazama, "Usikasirike."

"Sijakasirika."

"Ulifanya vizuri kunyamaza vile."

Sikumwambia kwamba sikuwa nimefanya kitu chochote.

Baada ya hapo jambo lile halikuweza kubaki pale barabarani. Baadhi ya askari walikuwa wanalala mtaani kwetu, katika nyumba za watu waliokimbia. Walinunua sigara kwa jirani yetu, maman mmoja aliyekuwa na kibanda cha chumvi, sabuni na biskuti, na walizoea kuuliza habari za kila mtu. Mama alikuwa amesema bariera kwamba mimi ni mjinga, na kama jirani angesema kwamba mimi ni mzima, tungekuwa tumekwisha. Kwa hiyo mama akaenda kwa yule jirani akalia kidogo, akamwambia kwamba mwanawe hana kichwa kizuri. Kwa mtu wa kibanda, huo ulikuwa ujumbe wa kutosha kwa mtaa mzima.

Mama akanipa sheria zangu. Nisisome mbele ya nyumba. Nisijibu nikiulizwa njia. Kifungo cha juu cha shati nikiingize katika tundu la pili. Nikitoka, dada anishike mkono wa shati. Dada aliipenda kazi hiyo.

"Yaya, funga kinywa," alikuwa ananiambia mimi kaka yake tukifika kona. "Hapa hakuna askari. Unapoteza bure."

Na mimi nilicheka, kwa maana miezi ya kwanza ilikuwa kweli kama mchezo wa siri kati yetu watatu. Nilipita bariera mara nyingi, na askari waliniita Flegma. "Flegma, leo umefikiri nini?" Hawakungoja jibu. Vijana wa rika langu walikuwa wanajificha darini, wengine walivuka kwenda ng'ambo ya mpaka, na mimi nilikuwa natembea barabarani na unga kichwani. Watu wenye midomo mizuri walikuwa wamefichwa, na mimi nisiye na mdomo nilikuwa huru.

Zaidi ya hayo, kwa mtu mwenye haya, ujinga ni nyumba nzuri. Hakuna anayengoja useme. Hakuna anayekushangaa ukinyamaza. Katika maisha yangu yote nilikuwa nachoka kwa kutafuta majibu, na sasa nilikuwa nimeruhusiwa kutotafuta. Nililala vizuri. Hilo ndilo lililonifanya nichelewe kuona hatari yenyewe.

Niliiona kwanza kwenye kibanda cha yule jirani. Aliacha kusema nami kama anavyosema na watu. Aliinama, akapaza sauti, akakata maneno vipande vipande.

"Chu-mvi. Maman yako anataka chu-mvi. Utakumbuka?"

Nami nilitoka pale nikasahau. Si kwa kuigiza, nilisahau kweli. Nilikuwa najitazama kwa macho yake, ninavyosimama, ninavyoshika sarafu, kama kinywa kimefungwa au kiko wazi. Mtu hawezi kujitazama hivyo na bado akakumbuka chumvi. Nilirudi nyumbani na sabuni. Dada alicheka mpaka akaketi chini. Mama hakucheka. Alichukua sabuni akaiweka juu ya kabati, na siku iliyofuata akamtuma dada.

Ikawa hivyo. Kila nilipokosea kitu, mikono yangu ilikosea zaidi. Nilianza kuhesabu bidoni za maji kwa vidole, mimi niliyekuwa najua kugawanya namba kubwa darasani. Nilijaribu siku moja kukumbuka majina ya mito tuliyofundishwa, nikapata mawili, na la tatu likaja nusu. Nikasema moyoni, labda hii ndiyo akili yangu ya kweli, na ile ya shule ilikuwa ya mwalimu.

Lakini kilichoniumiza zaidi kilitokea nyumbani. Ilikuwa mchana, mvua inanyesha, mlango umefungwa. Tulikuwa tunakula viazi vitamu vya moto na sambaza kidogo, wale dagaa wa ziwani. Mama alichukua kiazi changu, akakimenya, akakikata vipande, akavipuliza kimoja kimoja mpaka vikapoa, akaniwekea mbele. Hakukuwa na askari. Hakukuwa na jirani. Dada alikuwa anamenya chake mwenyewe, naye ni mdogo kwangu. Mama alifanya vile akiwaza mambo mengine, bila kujua kwamba anafanya. Kisha akamwambia dada, "Muulize yaya yako kama anasikia baridi." Nami nilikuwa nimeketi kwenye mkeka huo huo, goti langu likigusa goti lake.

Nikala vile vipande. Vilikuwa vimepoa vizuri.

Katika siku hizo watu wengi walikuwa wanafika kutoka Bunyakiri na vijiji vya huko, wamebeba magodoro na watoto. Parokia iliwapa vyumba vya nyuma. Mwongozaji wa vijana alitangaza kwamba atafungua darasa kwa watoto wao, kwa kuwa walikuwa wanashinda uani wakirushiana mawe. Alihitaji vijana waliomaliza darasa la sita wamsaidie kufundisha kusoma na hesabu. Alitazama benchi la kwanza na la pili. Mikono ikainuka huko.

Nilitaka kazi ile kuliko nilivyowahi kutaka kitu. Nilifikiri: kama nikishindwa kufundisha mtoto a, e, i, o, u, basi watu wamesema kweli na nitatulia. Na kama nikiweza, nitajua kwamba bado nipo. Sikuinua mkono. Nilingoja wote watoke, nikabaki karibu na mlango, na mwongozaji alipokuja kufunga nikamwambia.

"Nataka kufundisha."

Alinitazama kwa huruma, na huruma ile niliifahamu. "Ndugu yangu, ni kazi ya kusema siku nzima. Na maman yako aliniambia kwamba..."

"Alisema nini?"

"Kwamba tangu homa ile ya utotoni hauko sawa."

Sikuwahi kuugua homa yoyote. Mama alikuwa ameongeza homa. Pengine mwongozaji alimuuliza sana, ikambidi.

Nilichukua muda kujibu. Yeye alisimama na funguo mkononi, akangoja, na hilo namshukuru. Nikasema, "Maman alisema vile sababu ya bariera. Hakuna homa. Ni wewe uliniweka benchi ya nne, yeye akaitumia."

Akaketi kwenye benchi la karibu. Shati lake la kijani lilikuwa limeanza kupasuka begani. "Mimi nilisema dizeli ili mucheke," akasema. "Kila Jumamosi nyote muko na nyuso za msiba. Nilitaka mucheke." Kisha akasema, "Flegmatiki si mutu bila akili. Hata kitabu hakisemi vile."

"Kitabu kinasema nini?"

"Sikumbuki tena vizuri. Kilibaki chuoni, na chuo kiliporwa."

Tuliketi pale. Alikuwa amechoka kama mimi. Mwishoni alisema angekubali, lakini mama lazima akubali kwanza, kwa sababu hakutaka damu ya mtu juu yake.

Nilimkuta mama nyuma ya nyumba anaanika mihogo juu ya bati. Nilikuwa nimepanga maneno njiani, yote yakanitoka. Nikauliza lile moja lililobaki.

"Maman, mimi niko na akili?"

Alisimama na kipande cha muhogo mkononi. "Ni swali gani hiyo?"

"Nijibu."

"Kama hukuwa nayo, ningedanganya kwa sababu gani? Akili yako niliificha. Sikuitupa."

"Uliificha mpaka mimi mwenyewe sijui iko wapi."

Aliendelea kupanga mihogo, vipande vikubwa huku, vidogo huku. Baadaye akasema kwa sauti ndogo, "Hata mimi, siku zingine. Nasema kule bariera, nasema kwa jirani, nasema kwa padri. Kinywa kinazoea. Nikifika hapa nakuona, na siwezi kukumbuka mara moja kama ulikuwa vile au nilisema vile."

"Ulinipulizia kiazi."

"Lini?"

Nikamwambia. Aliketi juu ya kinu kilichoinamishwa, akaweka mikono mapajani. Hakulia. Mama yangu alikuwa analia akihitaji, kama vile kwa jirani. Pale hakuhitaji.

"Wakijua unafundisha, watasema maman huyu alituchezea," akasema. "Hawatakuchukua tu wewe."

"Najua."

"Unajua, na bado unataka."

"Ndiyo."

Alikaa kimya muda mrefu, hata mimi niliuona mrefu. Kisha akaniuliza chumba chenyewe kiko wapi. Nikamwambia kiko nyuma ya kanisa, dirisha linatazama mteremko, si barabara. Akauliza watoto ni wa nani. Nikamwambia wa Bunyakiri, hawajui mtu hapa.

"Basi, fundisha kwa sauti ndogo," akasema.

"Sina ingine."

Hapo akacheka kidogo, akanirushia kipande cha muhogo.

Siku ya kwanza nilisimama mbele ya wale watoto na maneno yakakataa, kama kawaida. Ubao ulikuwa mlango wa kabati uliopakwa masizi. Watoto waliketi sakafuni wakinitazama. Nilingoja ile huruma ije machoni mwao. Haikuja. Walikuwa watu pekee katika Bagira nzima ambao hawakuwa wamesikia habari zangu. Kwao nilikuwa mtu mkubwa aliyenyamaza, na labda mwalimu huanza hivyo.

Halafu mmoja, mvulana mwenye kikohozi, akamnong'oneza mwenzake kwa nguvu, "Shingo ya mwalimu ni kama ya bata." Wote wakaangua kicheko.

Siwezi kueleza jinsi nilivyofurahi. Walikuwa wananicheka kwa kitu nilichokuwa nacho kweli. Nikageuka, nikaandika a kubwa katikati ya ubao.

Sitaki mfikiri kwamba nilikuwa mwalimu mzuri. Kijana wa benchi la kwanza, chumba cha pili, alifundisha kwa nyimbo na makofi, na watoto wake walisoma maneno wakati wangu bado wanapigana na silabi. Wawili wangu walihamia kwake. Lakini wale wa polepole walikuja kwangu, nasi tulikwenda pamoja bila haraka, na wengi wakajua kusoma kabla ya kuondoka. Baada ya kila somo nilihisi kichwa changu kinauma kama mguu uliokufa ganzi ukianza kurudiwa na damu.

Na kila asubuhi, kabla ya kuingia pale, nilikuwa na kifungo cha juu katika tundu la pili, na dada ameshika mkono wa shati langu. Tukipita mbele ya kibanda, nilifungua kinywa. Tukifika nyuma ya kanisa, nilifunga kifungo sawasawa na kukifunga kinywa. Mchana nilirudi kuwa mjinga. Maisha ya namna hiyo yanachosha kuliko kubeba unga. Jioni sikujua ni yupi kati ya wale wawili anayekula chakula. Mama, kwa upande wake, alikuwa anajikaza: aliniuliza mambo mimi mwenyewe, tena zaidi ya lazima. Mihogo hii imekauka? Tununue majani ya sombe au maharage? Nilijibu kila swali, nikichelewa, naye alingoja huku ameuma mdomo.

Vita vilipopungua, wale wa Bunyakiri wakarudi kwao, na darasa likafungwa. Askari wa bariera waliondoka siku moja bila kutuaga. Watu wakachukua ule mti wakapika nao.

Mama hakungoja. Alivaa kitenge chake cha kanisani akaenda kwa jirani wa kibanda, kisha nyumba baada ya nyumba, kuwaambia kwamba mwanawe ni mzima, kwamba yale yote yalikuwa uongo wa kuniokoa. Alirudi jua likiwa bado juu, akaketi mlangoni akavua viatu.

"Nimewaambia," akasema.

"Wamesema nini?"

"Wamenipa pole."

Sikuelewa. Dada, aliyekuwa amemfuata, ndiye aliyenieleza. Jirani alimshika mama mikono yote miwili akamwambia, "Ndiyo, maman. Mbele ya Mungu wote tuko wazima." Na walipokuwa wanatoka, jirani alimwambia mteja, "Masikini. Mpaka leo hajakubali."

Mama alienda tena Jumapili baada ya misa. Aliwaambia kwamba nilifundisha watoto. Wakatikisa vichwa na kusema ni vizuri, kazi ndogo ndogo zinasaidia watu wa namna hii. Mwongozaji angeweza kunishuhudia, lakini alikuwa amekwenda Kamanyola kutafuta kazi. Kadiri mama alivyotetea, ndivyo walivyomhurumia. Angekuwa anasema uongo, angeuweza. Ukweli ulimshinda. Nilimwambia aache kwenda. Aliniuliza kama nina hakika, nikasema ndiyo, na safari hii nilijibu haraka kwa sababu sikutaka kumwona tena akivua viatu vile.

Ninaishi bado mtaa huu. Kwenye kibanda, yule jirani amezeeka, na bado ananikatia maneno vipande. Ninamjibu kwa upole na kuchukua chumvi yangu. Siku nyingine najua vizuri mimi ni nani. Siku nyingine naamka nimechoka, swali dogo linanishinda, na nafikiri labda wao wako sawa, labda mama alisema ukweli bila kujua. Kwa siku hizo sijapata dawa. Naketi tu, naandika mistari michache, naisoma, naona ina maana, nalala.

Ndiyo maana nimeandika haya kwa watu wasionifahamu. Nawaomba mniandikie. Kama mlipewa jina la tabia au la ujinga nyumbani, shuleni au kanisani, niambieni mlilibeba vipi na kama mliweza kulitua. Kama ni nyinyi mliompa mtu jina hilo, hata kwa kumpenda, niambieni pia, sitawahukumu. Barua ziachwe parokiani, padri atanipa. Nitajibu kila moja, ila mnivumilie siku kadhaa.